Aliyebuni bomba hili hajawahi kuliosha

Saa kumi na moja alfajiri, kabla hata chai haijabandikwa, nilikuwa jikoni na bomba la sindano la mililita 60 mkono mmoja, mswaki wa mtoto mkono wa pili. Mama alipata kiharusi, akashindwa kumeza, akarudi nyumbani na mpira wa kulishia unaopita puani hadi tumboni. Hospitalini walituelekeza vizuri kumlisha: aketishwe, uji uchujwe, usukumwe taratibu, kisha yafuate maji ili mpira usizibe. Kuhusu vyombo tuliambiwa tu, "Mvioshe vizuri."

Hapo kwenye "vizuri" ndipo niliposumbuka. Uji wa lishe wenye karanga na maziwa una mafuta, na mafuta hujificha kwenye mkunjo wa ule mpira mweusi ulio ncha ya kisukumio. Nje bomba linang'aa. Uvue ule mpira kwa kucha, utakuta utando mweupe unaoteleza, unaonuka maziwa yaliyochacha. Siku chache baadaye kisukumio kinaanza kukwama. Ukikilazimisha kinateleza ghafla, uji unamwingia mgonjwa kwa kishindo. Alama za mililita nazo zimeshafutika kwa kusuguliwa.

Nilidhani ni shida yetu sisi tunaorudia bomba moja kwa sababu ya bei. Kumbe sivyo. Mwaka 2016 kilitoka kiwango cha kimataifa cha viungio vya mipira ya kulishia, ISO 80369-3. Nia yake ninaiunga mkono kwa moyo wote: kiungio cha chakula kisiingiliane na cha dripu, kwa kuwa chakula kikipelekwa kwenye mshipa wa damu kinaua. Lakini kiungio chenyewe, kiitwacho ENFit, upande wa mgonjwa kina mtaro mwembamba unaozunguka mdomo wake, na chakula kinatuama humo. Walezi wa Marekani nao wakajikuta wameshika miswaki.

Kwa hiyo kasoro iko kwenye ubunifu. Kifaa kinapimwa kama kinavuja, kama kinaungana sawasawa. Mimi nataka kipimwe pia na mlezi aliyekesha, mwenye beseni, maji ya ndoo na sabuni ya kipande. Akishindwa kukitakasa, kirudi mezani kwa mbunifu. Mpira wa kisukumio uvulike kwa vidole, pembe za ndani ziwe za mviringo, alama zichongwe badala ya kuchapwa, plastiki istahimili kuchemshwa. Kutuandikia "tumia mara moja tu" hakutusaidii wakati mgonjwa analishwa mara sita kwa siku.

Na inawezekana. Shirika la Afya Duniani limekuwa likipendelea kikombe kuliko chupa kwa mtoto asiyeweza kunyonya, sababu mojawapo ikiwa usafi: kikombe kiko wazi, uchafu hauna pa kujificha. Kikombe cha NIFTY, kilichobuniwa kwa ajili ya watoto njiti, ni cha silikoni laini na kinachemshwa. Kuna mtu alimfikiria muoshaji.

Kwa leo, wewe mwenye mgonjwa nyumbani: suuza bomba kwa maji ya kawaida papo hapo, uji usigande. Chomoa kisukumio chote, osha kwa maji ya moto na sabuni, suuza tena, kisha acha vipande vikauke vikiwa vimetengana. Ukikirudisha kisukumio kingali na unyevu, utakuta ule utando umerudi.