Tumhesabie mbunge maneno, au tusome maswali yake?

Alasiri moja pale Mkunguni, mbele ya Ngome, kijana mmoja alikuwa akiwasomea wazee orodha kutoka kwenye simu yake. Mbunge fulani kasimama kuzungumza mara nyingi, mwenzake mara chache, wa tatu hakufungua kinywa mwaka mzima. Ilikuwa orodha ya nchi nzima, si ya Lamu peke yake. Wazee walicheka, kisha mmoja akaweka kikombe chake cha kahawa chini.

"Mwanangu, mjukuu wangu amesoma kwa basari. Hiyo orodha yako imemsomesha nani?"

"Lakini babu, basari si kazi ya mbunge."

Hapo kelele zikaanza, na hazikuisha mpaka adhana ya magharibi.

Ubishi ule sijautua mpaka leo, kwa sababu naona wote wawili walikuwa wakigombania kitu ambacho sicho. Mzee alimpima mbunge kwa mfuko wa jimbo, kijana akampima kwa idadi ya hotuba. Hakuna aliyeuliza mbunge wetu amemuuliza waziri gani swali gani, na akajibiwa nini.

Nianze na mzee, maana hoja yake si ya kupuuzwa. Kwa mtu wa Kizingitini au Kiwayu, Bunge liko mbali mno. Ni boti mpaka Amu, boti nyingine mpaka Mokowe, kisha basi la siku nzima na zaidi. Cha mbunge anachokiona kwa macho yake ni darasa lililopakwa rangi na barua ya basari yenye muhuri. Utamwambiaje mtu huyo asihesabu anachokiona, ahesabu asichokisikia? Mahakama Kuu ilitangaza mnamo Septemba 2024 kwamba sheria ya mwaka 2015 ya NG-CDF, mfuko wa maendeleo ya jimbo uliotoa basari hizo, inakwenda kinyume cha Katiba, ikaupa mfuko huo muda hadi tarehe 30 Juni 2026. Kwa hukumu ile, kipimo cha mzee kilikuwa kikining'inia kwenye mfuko ambao haukupaswa kuwa mkononi mwa mbunge tangu mwanzo. Lakini mtoto aliyemaliza shule amemaliza, na hakuna jaji atakayemrudisha darasa la kwanza. Mzee ana haki ya kushukuru. Tatizo ni kwamba shukrani hiyo imekuwa pazia: mbunge akishagawa basari, hakuna amuulizaye la pili.

Kijana naye ana watu nyuma yake. Waingereza wamekuwa na tovuti ya TheyWorkForYou tangu 2004, ambapo mwananchi hupata kura, hotuba na maswali ya maandishi ya mbunge wake, na akitaka huletewa barua pepe kila mbunge huyo anapozungumza. Kwetu tovuti ya Mzalendo ilianzishwa mwaka 2005 na Ory Okolloh na Conrad Akunga, na kwa miaka imekuwa ikichambua Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge, na kutoa alama za wabunge. Wanaofuatilia siasa wanaijua historia hiyo, sina haja ya kuisimulia upya.

Ila idadi ina udhaifu wake, na wabunge wanapoulalamikia si kila mara wanakwepa. Anayesimama na kusema "Mheshimiwa Spika, naunga mkono hoja" kisha akaketi, amezungumza mara moja. Aliyechambua bajeti ya wizara ukurasa kwa ukurasa kwa dakika kumi, naye amezungumza mara moja. Tena kuzungumza si hiari ya mbunge peke yake. Lazima Spika amwone, na mara nyingi vyama vimeshapanga nani atangulie. Kazi nzito iko kwenye kamati, ambako mtu anaweza kukesha na hesabu za shirika la serikali bila jina lake kuonekana kwenye orodha ya kijana. Na kipimo kikishajulikana, anayepimwa hujipanga kulingana nacho. Mwaka 2006 magazeti ya Uingereza yaliandika kwamba baadhi ya wabunge walikuwa wakisimama na kuuliza mambo ili tu takwimu zao zipande. Huyo ndiye mbunge unayempata ukimhesabia maneno kama mtu anayehesabu nazi.

Je, kura? Wengi huona hapo ndipo penye ukweli, kwa kuwa kura haina porojo. Nami nilidhani hivyo mpaka nilipotazama namna Bunge letu linavyopiga kura siku za kawaida. Spika anauliza: wanaokubali? Sauti zinapaa, ndiyo! Wanaopinga? Sauti nyingine, la! Spika anapima kwa sikio na kutangaza upande ulioshinda. Yameisha. Hansard inaandika kuwa hoja imekubaliwa, lakini haimwandiki aliyesema ndiyo, wala aliyesema la, wala aliyekuwa nje akinywa chai. Majina huandikwa pale tu idadi inayotakiwa ya wabunge inaposimama kudai wahesabiwe, au Katiba inapotaka idadi maalumu. Kwa hiyo tunapozungumzia "rekodi ya kura" ya mbunge wa Kenya, tunazungumzia siku chache ambazo moto ulikuwa umeshawaka.

Mmoja wa mioto hiyo tunaukumbuka. Tarehe 25 Juni 2024 Mswada wa Fedha ulipitishwa kwa kura 195 dhidi ya 106, majina yakajulikana, na jioni ile hakuna simu ya mbunge iliyopumzika. Siku iliyofuata Rais akasema hautii saini. Vijana walikuwa wameshasambaza orodha na nambari za simu, "wasalimieni". Kwa upande mmoja ilikuwa mara ya kwanza kwa wengi kujua mbunge wao alipigaje kura. Kwa upande mwingine salamu ziligeuka vitisho, na baadhi ya wabunge mali zao zilivamiwa. Anayesema kwamba kumfuatilia mbunge kunaweza kuzaa uonevu hasemi uongo. Ninachomjibu ni kwamba hasira ile ilikuwa kubwa kwa sababu watu walikuwa wakifungua daftari kwa mara ya kwanza, tena siku deni lilipoiva.

Sasa nizichukue nambari hizo mbili za kura, 195 na 106, nizilete Lamu, maana zimenisumbua kuliko zote. Bunge la Taifa lina wabunge 349 ukimwacha Spika. Lamu ina watatu humo: wa Lamu Mashariki, wa Lamu Magharibi, na Mwakilishi wa Wanawake. Tatu katika 349 haifiki hata moja kwa mia. Pengo la kura siku ile lilikuwa 89. Chukulia, kwa mfano tu, kwamba wabunge watatu wa kaunti ndogo kama yetu walikuwa upande mmoja wakahamia mwingine kwa pamoja: pengo lingetoka 89 likawa 83. Mswada ungepita vilevile. Sensa ya 2019 ilituhesabu watu 143,920 kaunti nzima, na Lamu Mashariki watu 22,258 tu. Kuna mitaa ya Mombasa yenye watu zaidi. Kwenye mizani ya kura, sisi ni punje. Hili halitabadilika kwa kuchagua mbunge shujaa zaidi. Ni hesabu.

Lakini swali halipigiwi kura. Mbunge wa watu 22,258 anapoandika swali, halipimwi dhidi ya maswali ya wenzake 348. Linapelekwa kwa Karani, Spika akiliidhinisha linapewa nambari na mwaka, linatajwa kwenye orodha ya shughuli, na wizara inapaswa kulijibu. Swali la Faza na swali la jimbo la watu laki mbili yana uzito uleule mezani kwa waziri. Kwa mtu wa visiwani hili si jambo dogo. Ndiyo sehemu pekee ya Bunge ambapo uchache wetu hautugharimu, na ndiyo sehemu ambayo orodha ya kijana haikuigusa.

Tumewahi kukaa bila chombo hiki, na pengine ndiyo sababu tumekisahau. Katiba ya 2010 iliwatoa mawaziri Bungeni, na baada ya uchaguzi wa 2013 saa ya maswali ikafa. Ilirudi baadaye kwa mlango wa kamati, na tangu 2023 mawaziri wanaingia ukumbini wenyewe kujibu. Lakini yapo pia maswali yanayotaka jibu la maandishi, na hayo hayana kamera wala makofi, kwa hiyo hayaingii kwenye taarifa ya habari ya usiku. Mimi hayo ndiyo niyapendayo.

Tuchukue jambo ambalo kila mtu wa hapa analijua. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 walioathiriwa na ujenzi wa bandari ya Lamu walipwe takriban shilingi bilioni 1.76. Gati la kwanza likafunguliwa Mei 2021, meli zikaja, na mambo ya fidia yakaendelea kuvutwa kwa miaka. Kwenye mkutano wa hadhara mwanasiasa akiulizwa atasema suala linashughulikiwa, watu watapiga makofi au watazomea, na upepo wa kaskazi utayachukua maneno yote. Linganisha na swali la maandishi la mistari minne: hadi leo zimelipwa shilingi ngapi? Kwa wavuvi wangapi? Wa BMU zipi (vikundi vya usimamizi wa fukwe)? Na salio litalipwa lini? Waziri akiandika kwamba wavuvi kadha wa Kizingitini wameshalipwa, BMU ya Kizingitini ina majina yake, itayaweka kando ya jibu na kuhesabu. Akiandika tarehe, tarehe itafika. Asipojibu, nalo ni jibu, lina nambari na mwaka.

Ndiyo maana siridhiki na hoja ya wanaosema maswali ni maonyesho tu. Yapo ya maonyesho, naam: swali lililonakiliwa, swali ambalo jibu lake liko gazetini, swali la kumpamba waziri wa chama chako. Na yapo mabaya zaidi. Mwaka 1994 Uingereza ilitikiswa na kashfa ya wabunge waliodaiwa kupokea fedha ili waulize maswali. Kashfa ile hutajwa kama ushahidi kwamba maswali hayana maana. Mimi naisoma kinyume: mfanyabiashara hatoi pesa zake kununua kitu kisicho na maana. Alijua jibu la serikali lililo kwenye rekodi lina thamani gani. Sisi tunalopata bure hatulisomi.

Wapinzani wa ufuatiliaji wana hoja moja zaidi inayoniuma, nayo ni ya lugha. Katiba, kifungu cha 120, inazifanya lugha rasmi za Bunge kuwa Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Mbunge akianza kwa Kiswahili, kanuni zinamtaka amalizie kwa Kiswahili, na Hansard inaandika kama alivyosema. Wabunge wa Pwani hufanya hivyo mara kwa mara. Sasa mtafiti aliyeketi Nairobi akitafuta nani ametetea wavuvi, huandika neno la Kiingereza. Hotuba nzima iliyosema uvuvi, nyavu, mashua na bahari inapita mbele yake kama haipo. Mbunge aliyezungumza lugha ya watu wake anaonekana bubu, na aliyetamka neno moja la Kiingereza juu ya samaki anaonekana mtetezi. Nikiwa mbunge wa Lamu ningelalamika hapa, na ningekuwa na haki. Dawa yake lakini si kuacha kufuatilia. Ni kufuatilia sisi wenyewe, tunaojua kwamba anayetaja boriti na mikandaa bila kutaja neno msitu, huenda msitu ndio anaouzungumzia.

Na hapo ndipo ninapompa kijana lawama kidogo. Alituletea hesabu iliyofanywa na watu wa mbali, wenye majimbo 290 ya kuhesabu. Hawakuwa na nafasi ya kusoma, wakahesabu. Sisi tuna watu watatu tu Bunge la Taifa, ukimwongeza Seneta ni wanne. Watu wanne wanasomeka. Ni kazi ya jioni moja kwa mwezi kwa mtu mwenye simu na vifurushi, na Hansard iko wazi kwenye tovuti ya Bunge. Kinachobaki ni kuifasiri kwa lugha ya barazani, kwa sababu majibu ya wizara mengi huja kwa Kiingereza, na mzee yule hatasoma kurasa sita za Kiingereza ili ajue kama gati la kijiji chake limo kwenye bajeti.

Nilimwambia kijana hivyo wiki iliyofuata. Hakunibishia sana. Siku chache baadaye alikuja na daftari la shule la kurasa 96, amelipiga mistari kwa rula: tarehe, mbunge, swali, waziri, jibu, mwisho safu pana ameiandika "hali ilivyo". Yule mzee wa basari alilichukua, akaligeuza geuza, akavaa miwani.

"Hii ya mwisho nani ataijaza?"

"Nyinyi, babu. Mimi sijui gati la Mtangawanda likoje."

Mzee akaomba kalamu.