Nilivyompandisha ndege wa bahari kwenye mti wa avoka

Mimi nikikazana na jambo kwenye simu, nyumba nzima hulisikia mpaka ugali unapoa. Wiki ile lilikuwa zamu ya ndege wa Abbott. Ni ndege wa bahari. Mmarekani mmoja, William Louis Abbott, alimpata kisiwa cha Assumption, Shelisheli, mwaka 1892. Huko hayupo tena. Siku hizi anazaa Kisiwa cha Krismasi tu, kile cha Australia kwenye Bahari ya Hindi, na hata huko misitu ilikatwa sana ili kuchimba fosfeti. Dalili zake nilizijua kama sala: mwili mweupe, mabawa na mkia mweusi, weusi kwenye jicho. Mdomo wa dume ni kijivu, wa jike ni pinki. Kiota yuko nacho juu mitini, na akianguka chini ya msitu hana jinsi ya kuruka, anakufa njaa.

Jumamosi asubuhi natoka langoni, hapa Himbi, mtaa wa Goma, naona ndege amekaa juu ya mawe ya volkano. Mweupe. Mabawa meusi. Jicho jeusi. Mdomo pinki. Jike!

Kutoka Goma hadi baharini ni zaidi ya kilometa 1,000, lakini hilo lilinizidishia huruma tu. Nikamviringisha kwenye koti, nikapanda naye mti wa avoka wa jirani ili apate pa kurukia. Katikati ya safari akaninyea shingoni, ya motomoto. Nikamsamehe, mgeni amechoka.

Huko juu nikaanza kuhutubia. Watoto wakajaa, hata kijana wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, akaegesha mzigo wake wa viazi.

"Yaya," akauliza mtoto mmoja, "mbona mikono yako imekuwa nyeusi?"

Nikaitazama. Nikatazama na shati. Halafu bawa: pale koti lilipokwaruza, palikuwa peupe pe.

"Weye! Unapeleka wapi bata yangu?" Ni Mama muuza makaa, sisi twayaita makala. "Analalaga kwenye mifuko ya makala, ndiyo maana iko vile!"

Bata akajirusha, akatua karibu na viazi, akaenda zake kwao akitikisa mkia. Aliyeshindwa kushuka ni mimi. Wakaenda kutafuta ngazi.

"Unisamehe, Mama," nikasema kutoka tawini. "Nilidhani ni wa Krismasi."

"Ni wa Krismasi," akajibu. "Siku ile ndiyo tutamukula."