Marudio Hayana Bili: Katuni Kati ya Dikoda na Vifurushi vya Mtandaoni

Lawama wanayoipenda sana wapenzi wa katuni dhidi ya dikoda ni marudio. Kipindi cha asubuhi ndicho cha adhuhuri, na ndicho kitakachowekwa tena baada ya isha. Vijana wa Malindi wanaofuata anime, katuni za Kijapani, wanaona kesi imekwisha: lipia huduma ya kutiririsha, tazama unachotaka saa unayotaka, na dishi liachiwe kunguru. Wana hoja, na baadhi yake ni nzito. Lakini marudio hayo hayo wanayoyalaani ndiyo hesabu ambayo vifurushi vya mtandaoni havijaijibu katika pwani hii.

Tarehe 25 Julai 2024 Disney na Warner Bros. Discovery walianza kuuza Marekani kifurushi cha huduma za kutiririsha za Disney+, Hulu na Max (ambayo kabla na baadaye iliitwa HBO Max) kwa pamoja: dola 16.99 kwa mwezi ukivumilia matangazo, 29.99 usipoyataka. Comcast, kampuni ya kebo, ilikuwa imetangulia mwezi Mei kwa kuwauzia wateja wake Netflix, Peacock na Apple TV+ kwa dola 15. Kwa mpenzi wa katuni wa kule hiyo ni nafuu ya kweli. Kazi za Disney na za Cartoon Network ya Warner, washindani tangu 1992, zinakaa kwenye bili moja, kila msimu kwa mpangilio wake, bila kumngoja mpanga ratiba. Upande wa anime ni vivyo hivyo: Sony iliinunua Crunchyroll, huduma ya kutiririsha anime, Agosti 2021 kwa dola bilioni 1.175, ikaiunganisha na Funimation, huduma yake nyingine ya anime, na aliyekuwa akilipa mara mbili akabaki kulipa mara moja.

Sasa upande wa pili wa bili hiyo. Funimation ilifungwa tarehe 2 Aprili 2024, na nakala za kidijitali ambazo wateja walizipata kwa kununua diski zikafungwa nayo. Agosti 2022 HBO Max iliondoa makumi ya kazi, katuni ya Infinity Train ikiwemo, pamoja na vipindi karibu 200 vya Sesame Street. Stesheni ikiacha kuonyesha katuni fulani unaudhika, lakini haikukuahidi kwamba itakuwepo daima. Kifurushi cha mtandaoni kinauzwa kwa ahadi hiyo hasa, kwamba vyote vipo, wakati wowote.

Kebo yenyewe, televisheni ya kulipia ya kule Marekani, ilifanywa nini? Mfano bora ni wa Septemba 2023, Disney ilipogombana na Charter, kampuni ya kebo ya Marekani iliyokuwa na wateja wa televisheni karibu milioni 14.7. Waliafikiana tarehe 11 mwezi huo. Wateja wa Charter wakapewa Disney+ yenye matangazo ndani ya kifurushi chao cha kebo, na stesheni nane za Disney zikaondolewa. Tazama zilizotolewa: Disney Junior, Disney XD na BabyTV zilikuwa miongoni mwa hizo nane. ESPN, stesheni ya michezo, haikuguswa. Mkataba mpya wa 2025 ukazirudisha, lakini somo lilikuwa limeshaonekana. Wakubwa wakigombana, stesheni ya watoto ndiyo ya kwanza kutupwa baharini, kwa sababu yaliyomo yako pia kwenye programu ya simu.

Hesabu hiyo inasahau kazi ya pili ya stesheni, na hapa ndipo watetezi wa vifurushi wanapojikwaa. Stesheni ya katuni ina saa 24 za kujaza kila siku, na kila nyumba yenye kebo huichangia senti kadhaa kwa mwezi hata isipoitazama. Kwa fedha hizo za uhakika ndipo mchoraji asiyejulikana alipewa nafasi ya vipindi kumi na tatu. Kifurushi cha mtandaoni hupima tofauti: kazi hii imeleta wateja wangapi, imezuia wangapi wasiondoke? Mtoto hajisajili wala hajiondoi. Anayelipa ni mzazi, naye huridhika na katuni za zamani.

Kifurushi cha Disney, Hulu na Max hakiuzwi Kenya. Athari zake, hata hivyo, zimetufikia, maana mwenye katuni akijenga huduma yake hubakiza kazi nzuri kwake na kupunguza stesheni anazowauzia wengine. Disney XD iliondoka DStv mwaka 2020. Julai 2023 Disney+ ilitoa Kizazi Moto, filamu fupi kumi za wasanii wa Afrika, moja wapo ya Ng'endo Mukii wa Kenya. Jina la Kiswahili, mkono wa Mkenya, na huduma yenyewe kusini mwa Sahara ilikuwa inauzwa Afrika Kusini, ilikoanza Mei 2022, si Nairobi wala Lamu. Netflix ndiyo iliyotujaribu kwa dhati: Septemba 2021 ilianzisha mpango wa bure wa simu za Android nchini Kenya, kisha ikaufunga tarehe 1 Novemba 2023.

Turudi kwenye marudio. Netflix yenyewe inakadiria kwamba saa moja hula GB 0.3 kwa kiwango cha chini, GB 0.7 kwa cha kati, na hadi GB 3 kwa HD. Chukua msimu wa vipindi 26 vya dakika 22, yaani saa tisa na nusu. Kwa HD unaweza kufika GB 29; kwa kati ni karibu GB 7; kwa chini karibu GB 3. Mmarekani mwenye intaneti ya waya hazioni hata GB 29 hizo. Anayenunua bando kwa simu Maweni anaziona moja moja. Na hapo msimu umetazamwa mara moja tu. Mtoto wa miaka mitano hatazami kitu mara moja. Anataka kile chenye wimbo anaoujua, kisha tena, kisha kesho kabla ya uji. Usipokuwa umepakua, kila marudio yanashuka upya kutoka kwenye seva na kukatwa upya kwenye bando. Msimu huo ukirudiwa mara nne kwa kiwango cha kati ni karibu GB 27, na mtoto bado hajauchoka. Kwenye dishi, marudio ya nne yana gharama sawa na ya kwanza, na watoto wa nyumba tatu za Mkomani wakijaa sebuleni bili ni ile ile.

Kwa haki, GB 3 ni kiwango cha juu, na katuni hula pungufu kuliko filamu ya mapigano. Mchoro bapa, wenye rangi zilizotandazwa na mandhari yasiyosogea, hubanwa vizuri. Ndiyo maana Netflix tangu 2015 hupangia kila kazi viwango vyake. Kwa katuni za aina hiyo kwenye simu, kiwango cha chini kinatosha. Anime yenye mvua, moshi na mwendo wa kasi kwa kiwango hicho itakutolea picha iliyovunjika vipande vya mraba.

Kuna pia suala la kuta, na halitajwi na muuzaji yeyote wa kifurushi. Nyumba ya kale ya Lamu ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake hukaribia nusu mita. Wi-Fi ya GHz 5 hufa kwenye ukuta wa pili. Ya GHz 2.4 husogea mbele kidogo, lakini ni ya polepole na husongamana na ya majirani. Video ya 720p inataka Mbps 3, ya 1080p Mbps 5. Unaweza kuwa nazo kwenye ruta na ukose hata moja chumba cha ndani. Dawa ni kupitisha waya wa mtandao kutoka ruta hadi kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba, kisha kuweka ruta ya pili hapo penye uwazi. Kununua kasi zaidi hakusaidii kitu.

Dishi nalo lina maradhi yake. Setilaiti ya DStv kwa eneo letu iko nyuzi 36 mashariki na Lamu iko karibu nyuzi 41, kwa hiyo iko karibu utosini, zaidi ya nyuzi 80 juu ya upeo. Mawimbi hupita kwenye mvua kwa njia fupi, ila mvua kubwa ya masika bado huyakata na E48-32, ujumbe wa kukosa mawimbi, ikatokea. Ikitokea jua likiwaka, shuku chumvi: kiunganishi cha waya nyuma ya LNB, kile kichwa cha dishi kinachopokea mawimbi, kimeota kutu. Kata sentimita chache za waya, funga kiunganishi kipya, kizungushie tepu ya mpira, na uache waya uning'inie kama kitanzi chini yake ili maji yadondoke yasiingie. Ni kazi ya nusu saa. Mpenzi wa anime atauliza kwa nini ahangaike hivyo kwa ajili ya stesheni isiyo na anime mpya, na kwa upande wake ana haki. Simulizi inayoendelea kipindi kwa kipindi haiwezi kufuatwa kwenye ratiba inayoruka na kurudi. Ila asikimbilie duka la muvi: mwenye duka anayejaza flashi hajamlipa mchoraji hata senti.

Kwa hiyo nyumba yenye watoto wadogo na kijana mmoja wa anime isichague moja kwa mwaka mzima. Ibaki na dikoda kwenye kifurushi cha chini kabisa chenye stesheni ya katuni, na antena kwa stesheni za bure; stesheni ya watoto ya Akili Kids!, iliyoanza Machi 2020, hailipiwi panapofika mawimbi yake. Kijana alipie huduma yake mwezi mmoja msimu ukishakamilika, si ukiwa katikati. Kadi ya M-Pesa GlobalPay, kadi ya Visa ya mtandaoni inayotoa fedha kwenye M-Pesa, inatosha kwa malipo ya nje. Kabla ya kupakua aingie kwenye mipangilio, achague ubora wa kawaida na Wi-Fi pekee, na apakue usiku wakati nyumba haina msongamano. Ajue kwamba vipakuliwa vina muda. Vingine kwenye Netflix huisha saa 48 tangu kubonyeza mara ya kwanza, basi asifungue vipindi kumi kwa kuonja. Akimaliza asitishe usajili ndani ya akaunti yenyewe. Kufuta programu kwenye simu hakusitishi chochote, na M-Pesa ikiwa na salio mwezi ujao itakatwa.