Mwacheni trauti apumue

Kuna jambo linanikera sana kwenye mabwawa ya kuvulia samaki aina ya trauti huku nyanda za juu, kuanzia Limuru hadi kando ya Mlima Kenya. Mtu analipa, anarusha nzi wake bandia, yaani ndoana iliyofungwa ifanane na mdudu, vizuri kabisa, samaki anashika. Hapo sina neno. Lakini badala ya kumtoa ndoana haraka akiwa bado majini, anamburuta hadi kwenye nyasi kavu, anamkamata kwa viganja vikavu, na picha zinaanza. Moja ya kushoto, moja ya kulia, "ngoja, nilifumba macho." Baadaye anamtupa majini na kusema amemwachilia.

Amemwachilia wapi? Ule ute wa ngozi ndio kinga yake dhidi ya ukungu na vimelea, nao umebaki mikononi na kwenye nyasi. Trauti ni samaki wa maji baridi. Bwawa dogo likifika nyuzijoto 20 mchana wa Februari, oksijeni imepungua, na yeye tayari amechoka kwa kupigana. Kesho yake anaelea tumbo juu kwenye matete, kisha mwenye bwawa analaumiwa eti maji yake machafu.

Ukitaka kumla, mpige kichwani mara moja umpeleke nyumbani. Hakuna ubaya, ndiyo maana amepandikizwa. Ukitaka kumwachilia, bana kwa koleo kijino cha ndoana, kile kinachomzuia samaki kuchomoka, kabla hujaanza, lowesha mikono, mshikilie wima majini mpaka aondoke mwenyewe. Na picha, piga akiwa ndani ya wavu. Jamani, hilo nalo ni gumu?