Neno "free" mbele ya mfasiri wa Kirusi

Tarehe 27 Septemba 1983, Richard Stallman, mtunzi wa programu wa Marekani aliyekuwa katika maabara ya chuo cha MIT, alitangaza kwamba angeandika mfumo mzima wa kompyuta aliouita GNU na kumpa kila atakayeuhitaji. Harakati iliyozaliwa na tangazo hilo ilijitambulisha kwa neno la Kiingereza "free", na tangu hapo haijapumzika kulifafanua, kwa kuwa msemaji wa Kiingereza akilisikia neno hilo mbele ya bidhaa yoyote, jambo la kwanza linalomjia ni kwamba hatalipa kitu. Stallman alikusudia jingine: uhuru wa mtumiaji kuiendesha programu, kuichunguza, kuibadilisha na kuisambaza. Yeye mwenyewe aliuza kanda zenye Emacs, programu yake ya kuhariria maandishi, kwa dola 150 kila moja, na hakuona mgongano wowote kati ya bei hiyo na msimamo wake. Ufafanuzi wake unaorudiwa hadi leo ni kwamba neno hilo lichukuliwe kama linavyochukuliwa katika uhuru wa kusema, si katika bia ya bure.

Mfasiri wa Kirusi anayepokea ufafanuzi huo hujikuta katika hali ya ajabu kidogo, kwa sababu utata anaotakiwa kuuondoa haumo katika lugha yake. Kirusi kina neno svobodny kwa kilicho huru, na besplatny, lililoundwa waziwazi kwa maana ya "bila malipo", na katika sentensi ya kawaida ni vigumu moja kushika nafasi ya jingine. Katiba ya Urusi ya mwaka 1993 inayatumia yote mawili pasipo kuhangaika: ibara ya 29 inadhamini uhuru wa mawazo na wa kusema kwa neno svoboda, ilhali ibara ya 43, inayohusu haki ya elimu, inatumia neno la ukoo wa besplatny. Basi msemo wa Stallman kuhusu bia, ukifasiriwa kama ulivyo, humfanya msomaji wa Kirusi ajiulize ni nani aliyewahi kuchanganya mambo hayo, na mfasiri hulazimika kuongeza maelezo kuhusu sarufi ya watu wengine.

Swali linalogawa wafasiri ni kama kulazimika huku kuchagua ni faida au ni hasara.

Upande unaouona kuwa faida una hoja nzito. Jina la Kirusi la programu za aina hii, svobodnoye programmnoye obespecheniye, linasema hasa kile ambacho Stallman alitumia miaka kukieleza, na linazitenga na zile zinazotolewa bila malipo huku msimbo wake, yaani maagizo yanayoziunda, ukifichwa, kama kisomaji cha PDF cha kampuni ya Adobe, ambazo kwa Kirusi ni besplatny tu. Tofauti hiyo ina uzito wa kiserikali pia. Desemba 2010 serikali ya Urusi ilipopitisha mpango wa kuhamisha ofisi zake kuu kwenye programu hizi kati ya 2011 na 2015, waraka ulitumia neno la uhuru, na haikumpasa ofisa yeyote kubishana kama kilichokusudiwa kilikuwa kupunguza gharama peke yake. Kamusi elezo ya Wikipedia nayo inajiita kwa Kirusi svobodnaya, na msomaji anaelewa kwamba anaalikwa kuinakili na kuihariri, mbali na kuisoma bila kulipa. Kwa Kiingereza sifa hiyo hiyo inasomwa na wengi kama tangazo la bei.

Hoja hii inanishawishi kwa kiasi kikubwa, hasa katika sheria na miongozo, ambako neno lenye nyuso mbili humnufaisha mwenye wakili mzuri zaidi. Lakini inachukulia kwamba mfasiri anajua mwandishi alikusudia nini, na mara nyingi hajui. Chukua ripoti ya Kiingereza inayosema kwamba takwimu fulani zitakuwa "free" kwa watafiti. Huenda mwandishi alimaanisha kwamba hazitalipiwa. Huenda alimaanisha kwamba hazitawekewa masharti ya matumizi. Na huenda, jambo ambalo ni la kawaida kuliko tunavyokubali, hakuwahi kujiuliza, kwa sababu lugha yake haikumdai. Mfasiri akiandika besplatny amewapunguzia watafiti haki ambayo pengine walipewa. Akiandika svobodny amemfanya mwenye takwimu aahidi kitu ambacho pengine hakukiahidi. Katika hali zote mbili maandishi ya Kirusi yanatamka kwa uhakika kuliko asili, na msomaji wake hana njia ya kugundua kwamba uhakika huo umetoka kwa mfasiri.

Kuna pia maandishi ambayo utata wenyewe ndio hazina yake. Mwandishi wa matangazo anayeliweka neno hilo juu ya bidhaa anataka mnunuzi aonje uhuru na kutolipa kwa pamoja. Stallman mwenyewe, kwa jinsi alivyoshikamana na neno hilo ingawa lilimchosha, alinufaika kisiasa na uzito wake, na wale walioona kwamba linawatisha wafanyabiashara walibuni jina jingine, la programu za chanzo wazi ("open source"), mnamo Februari 1998. Ugomvi ule, ambao kwa sehemu ulikuwa juu ya neno na kwa sehemu juu ya falsafa, ukifasiriwa kwa Kirusi hupoteza nusu ya sababu zake: msomaji anaiona falsafa, lakini haelewi kwa nini watu wazima waligombana hivyo kuhusu jina. Hapa hakuna chaguo litakaloponya jambo. Mfasiri mwaminifu huliacha neno la Kiingereza lionekane na kulieleza mara moja, na binafsi naona hilo ni afadhali kuliko kujifanya kwamba Kirusi kimelimeza lote.

Wanaosifu usahihi wa Kirusi, hata hivyo, huwa hawalitazami svobodny kwa karibu. Kiti kisicho na mtu ni svobodny. Nguo isiyobana ni svobodny, na anayezungumza lugha bila kukwama huizungumza svobodno. Juu ya milango ya kumbi na maonyesho huandikwa "vkhod svobodny", kiingilio huru kwa tafsiri ya moja kwa moja, na watu wengi huelewa kwamba hakuna tiketi ya kulipia, ingawa neno lenyewe linasema tu kwamba yeyote anaweza kuingia. Yaani pale mlangoni utata ule ule wa Kiingereza umerudi, na Mrusi anaishi nao bila malalamiko. Mpira wa miguu nao una mgawanyo wake: pigo ambalo Kiingereza hulifungamanisha na "free" baada ya faulo huitwa kwa Kirusi shtrafnoy, la adhabu, iwapo mpigaji anaruhusiwa kulenga goli moja kwa moja, na svobodny iwapo haruhusiwi. Kiingereza kimelitaja tukio kwa kumtazama anayepiga, Kirusi kwa sehemu kimemtazama aliyekosa, kama watangazaji wetu wanavyosema mpira wa adhabu. Mfasiri wa habari za michezo asiyeijua kanuni hii ataandika sentensi sahihi kisarufi na potofu kabisa uwanjani.

Na hata uhuru wenyewe kwa Kirusi una majina mawili. Pembeni ya svoboda lipo volya, linalobeba uhuru usio na mipaka pamoja na maana ya utashi. Wakulima waliofunguliwa kutoka kwenye utwana kwa tangazo la mwaka 1861 waliita walichokitarajia volya, na kundi lililomuua mfalme Alexander wa Pili mwaka 1881, Narodnaya Volya, lina jina linaloweza kusomwa kuwa utashi wa umma au uhuru wa umma. Vitabu vya Kiingereza kwa kawaida huchagua utashi. Kwa hiyo kulazimika kuchagua hakumkabili mfasiri wa upande mmoja tu.

Ushahidi ninaouona kuwa mzito zaidi unatoka kwa watunga sheria wa Urusi. Walipoingiza leseni wazi, yaani ruhusa ya kutumia kazi ya mtu inayotolewa kwa yeyote anayekubali masharti yake, katika Kanuni ya Madai, sheria yao kuu ya mikataba na mali, mwaka 2014, kwenye kifungu cha 1286.1, kuhusu malipo hawakutegemea svobodny wala besplatny. Walitumia bezvozmezdny, neno la kisheria la kutoa bila kudai chochote, na wakasema kwamba leseni hiyo huwa ya aina hiyo isipokuwa yenyewe imeeleza vinginevyo. Suala la bei na suala la ruhusa yametenganishwa ndani ya kifungu, kila moja kwa sentensi yake, na mwanya umeachwa kwa mtu anayetaka kuuza kama Stallman alivyouza kanda zake. Kwangu hilo linaonyesha kwamba hata lugha yenye maneno mawili haikuridhika kuyaachia maneno hayo kazi yote. Usahihi ulipohitajika ilibidi sentensi iandikwe upya. Mfasiri anayekutana na "free" katika mkataba ana ruhusa ya kufanya vivyo hivyo: kutumia maneno sita pale asili ilipotumia moja, baada ya kumuuliza mwenye mkataba.

Kwa msomaji wa Kiswahili mjadala huu una sura ya pekee, kwa sababu sisi tumekaa upande wa Kirusi. Tuna huru na bure, na tuna huria, ambalo katika soko huria linashika nafasi ya "free" na katika jina la Chuo Kikuu Huria cha Tanzania linashika nafasi ya neno la Kiingereza la uwazi, "open", kiasi kwamba kusema "programu huria" kunaziunganisha kambi mbili zilizotengana mwaka 1998. Bure yetu ina hata pacha katika Kirusi, darom, linalomaanisha bila malipo na vilevile bila faida, kama tusemavyo kazi bure. Hata hivyo, maandishi mengi kati ya lugha hizi mbili, yawe yamefasiriwa na watu au na mashine, hupitia Kiingereza, ingawa kamusi ya Kiswahili na Kirusi iliyohaririwa na D. A. Olderogge ilichapishwa Moscow tangu 1961. "Programu huru" ikishageuzwa kuwa "free" njiani, hakuna kinachoizuia kufika upande wa pili ikiwa besplatny, na kosa hilo halitaonekana kwa anayelinganisha Kirusi na Kiingereza, kwa kuwa Kiingereza kinaruhusu maana zote mbili. Litaonekana kwa yule tu atakayeyafungua maandishi ya Kiswahili yaliyoanza safari.