The Kills: wawili waliokataa wa tatu

Lawama kongwe dhidi ya The Kills, bendi ya roki ya watu wawili, ni kwamba wamejinyima mpiga ngoma kwa makusudi. Alison Mosshart, Mmarekani wa Florida, anaimba. Jamie Hince, Mwingereza, anapiga gitaa. Ngoma zinatoka kwenye mashine. Kwa shabiki wa roki aliyezoea kumwona mtu akivuja jasho nyuma ya ngoma, hapo pana pengo.

Pengo hilo lina historia yake. Mosshart alikuwa London na bendi yake ya panki, Discount, aliposikia gitaa la Hince likivuma ghorofa ya juu. Aliporudi kwao wakawa wanatumiana kanda kwa posta, kila mmoja akiongezea lake, mpaka akafunga virago na kuhamia London. Kwa mwendo huo wa bahasha, mpiga ngoma angekaa wapi? Walipotoa albamu yao ya kwanza mwaka 2003, Keep on Your Mean Side, uchache ulikuwa umeshakuwa mtindo wao.

Wanaolaumu hawasemi ovyo. Mpiga ngoma hai humsikiliza mwimbaji: huchelewa kidogo, humsukuma, humwachia nafasi. Mashine haimsikilizi mtu. Ukikaa na albamu yao No Wow ya 2005 kuanzia mwanzo hadi mwisho, ukavu wake unasisimua kwa nyimbo tatu nne, kisha unaanza kuchosha. The White Stripes nao walikuwa wawili, lakini Meg White alikuwa akipiga ngoma kwa mikono yake, na kulegalega kwa mapigo yake kuliipa bendi ile pumzi ambayo The Kills wa miaka hiyo hawakuwa nayo.

Halafu ikaja albamu ya Midnight Boom, 2008, na kwangu ndiyo inayovuruga hoja nzima. Hince alikuwa ametazama filamu ya zamani ya watoto wa shule wa Kimarekani wakiimba na kupigiana makofi uwanjani, akachukua mdundo ule. Alex Epton, prodyuza aliyetokea upande wa hip hop, akasaidia kuupanga. Hapo mashine haikai tena pale kwa niaba ya mtu. Inafanya kazi ambayo seti ya ngoma ingeiharibu. Yule mpiga ngoma anayedaiwa angekuja kufunika makofi hayo tu.

Upande mwingine wa shauri ni muda. Mwaka 2009 Mosshart alijiunga na bendi nyingine, The Dead Weather ya Jack White wa The White Stripes, na mashabiki wengi wakaona mwisho umefika. Hince naye alibanwa kidole na mlango wa gari, akafanyiwa upasuaji zaidi ya mara moja, ikabidi ajifunze upya kupiga gitaa bila kukitegemea kidole hicho. Kati ya albamu ya Blood Pressures ya 2011 na Ash & Ice ikapita miaka 5; kutoka hapo hadi God Games ya 2023, miaka 7. Kibiashara ni hasara, maana kila wakirudi wanajitambulisha upya. Lakini bendi ya wanne, yenye watu wa kulipwa na wa kusubirishwa, nadhani ingeshasambaratika. Wao walihitaji kukubaliana wawili tu.

Na tuseme ukweli, jukwaani walishalegeza msimamo: katika ziara za baada ya 2011 wamepanda na wapiga ngoma hai, na nyimbo za zamani zilinenepa vizuri. Hata God Games, iliyotengenezwa na Paul Epworth, aliyewahi kuwa fundi wao wa sauti ziarani enzi za mwanzo, ina kwaya ndani yake. Waliokuwa wakidai mtu wa ziada wamepata nusu ya walichotaka. Nusu iliyobaki, yaani mtu wa tatu mwenye kauli kwenye utunzi, sioni wakiitoa, na nikirudi Midnight Boom sioni kwa nini waitoe.