Bima nusu, fidia nusu

Fomu ya bima ya nyumba ina kisanduku kimoja kinachowaponza watu wa Mombasa: "thamani ya nyumba". Wa Nyali huandika bei aliyonunulia, kiwanja kikiwamo, akawa analipia bima ya udongo usioungua. Wa Kisauni huandika deni lililobaki benki, au pesa alizojengea miaka 15 iliyopita. Wakala hupokea tarakimu hiyo bila kuuliza imetoka wapi, na kwa maoni yangu hapo hajafanya kazi yake.

Kinachotakiwa ni gharama ya kuijenga upya nyumba ileile kwa bei za leo. Chukua mfano wa nyumba ya mita 120 za mraba. Mkandarasi akikutajia shilingi 50,000 kwa mita, ni milioni 6. Kubomoa na kusomba kifusi, tuseme 400,000. Msanifu, mhandisi na vibali vya kaunti, weka asilimia 10, yaani 600,000. Jumla milioni 7. Muulize pia mkandarasi kama bei yake ina VAT ya asilimia 16. Na kumbuka moto unaweza kuzuka mwezi wa mwisho wa mkataba, kisha ujenzi ukachukua mwaka mwingine, kwa hiyo acha nafasi ya bei kupanda.

Wengi hudhani bima pungufu huuma tu nyumba ikiteketea yote. Sivyo. Mikataba huwa na sharti la uwiano. Nyumba ya milioni 7 umeikatia bima ya milioni 3.5, mtungi wa gesi umelipuka, jikoni na paa vimekwenda, hasara milioni 2. Utalipwa milioni 1, na humo humo hukatwa kile kiasi cha kwanza ambacho mkataba unakubebesha mwenyewe. Utalia kwamba milioni 2 iko chini ya 3.5. Haisaidii: ulilipia nusu ya hatari, nusu nyingine ni yako.

Halafu kuna ukuta wenyewe. Nyumba nyingi za Pwani ni za mawe ya matumbawe, na matumbawe yakipata moto mkali wa kutosha hugeuka chokaa, kama yanavyochomwa tanuuni. Maji ya wazima moto yakiingia, chokaa hiyo huumuka na kupasua ukuta siku kadhaa baadaye. Ukuta unaonekana mzima, mkadiriaji wa hasara anaandika "kupaka rangi upya", na wewe unatia saini. Usitie kabla mhandisi hajaugonga na kuuchimba. Slebu pia: zege lililogeuka rangi ya waridi huenda limepita takriban nyuzi 300, na nguvu yake ni ya kupimwa, si ya kukisiwa kwa macho. Ripoti hiyo mara nyingi ndiyo hubadilisha dai la ukarabati kuwa la kubomoa.

Mji wa Kale hesabu ya mita za mraba haifai kabisa. Ni eneo la hifadhi, hujengi bila idhini ya wahifadhi, na boriti za mikoko, chokaa na fundi anayejua kazi hiyo havipatikani kwa bei ya bloku. Mlango wa nakshi uorodheshe peke yake, kwa picha na thamani yake.

Mwenye nyumba bila ardhi, yaani nyumba ni yake lakini kiwanja ni cha mtu mwingine, kama ilivyo kwa wengi Majengo na Likoni, ana kazi ya ziada. Kampuni kwa kawaida hailipi gharama ya kujenga upya mpaka ujenge kweli; usipojenga, hukatwa uchakavu. Sasa mwenye ardhi akikataa usisimamishe tena nyumba pale? Kabla ya kulipia bima, itake kampuni iandike ndani ya mkataba, si kwa mdomo, kama utaruhusiwa kujenga kiwanja kingine na utalipwa kiasi gani.